Koilova, shokapu na springi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mwenye Impreza, Forester, Altezza, IST au Fielder anayeendesha gari lake kila siku: lami asubuhi, foleni mchana, matuta njiani, na kipande cha vumbi kabla ya kufika nyumbani. Wa mashindano atapata mawili matatu, ila mahitaji yake ni mengine.

Koilova ni kitu gani, na shokapu niliyonayo inakosa nini?

Fungua boneti ya Impreza. Utaona mauntingi, yaani kishikio cha juu kinachofungwa kwenye bodi ya gari, chini yake springi, na ndani ya springi shokapu. Kwa hiyo springi kuizunguka shokapu siyo jambo jipya, gari lilitoka nalo kiwandani. Koilova inajulikana kwa bodi yake: imechongwa nyuzi kama za bolti, na sahani inayokalia springi imeshikwa na pete unazoweza kuzizungusha juu au chini. Kwenye shokapu ya kawaida sahani hiyo imechomelewa, haisogei.

Koilova nzuri ina kitu cha pili. Mguu wake wa chini, ule unaofungwa kwenye nako (chuma kinachobeba tairi), nao unazunguka. Unarefusha au kufupisha shokapu nzima bila kuigusa springi. Ukiwa unanunua, uliza hilo mapema. Umuhimu wake utauona kwenye swali la pete hapo chini.

Nyuma ya IST, Vitz na Fielder zinazovuta kwa tairi za mbele mambo ni tofauti. Springi inakaa peke yake juu ya ekseli, shokapu imesimama pembeni. Seti ya magari hayo inakuja na shokapu tupu za nyuma, springi zake, na vikombe vyenye nyuzi vya kupandishia springi. Usidhani umepunjwa, gari ndivyo lilivyoundwa.

Je, kweli nahitaji koilova?

Wengi wanaouliza hawazihitaji. Gari likiyumba kwenye kona, likigonga kwenye mashimo au likila tairi upande mmoja, anza na bushi (raba) za mikono inayoshika tairi, boljointi, linki za stabilaiza na mauntingi. Koilova ya bei yoyote iliyofungwa juu ya bushi zilizokufa itaendelea kugonga, tena kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu ugumu wake unapeleka kila mshindo kwenye ule ulegevu.

Kama vyote hivyo ni vizima na shokapu ndizo zimechoka, shokapu 4 mpya za aina ya kiwandani, KYB kwa mfano, pamoja na mauntingi mpya na raba za kugongea, zinalirudishia gari adabu yake. Anayetaka gari lishike barabara zaidi bila kushuka atafute Bilstein B6, imetengenezwa kwa urefu wa kawaida. B8 ni ya gari lililoshushwa kwa springi fupi.

Koilova ina maana kwako kama unataka kuchagua mwenyewe urefu na ugumu, na uko tayari kuitunza. Kazi ya utunzaji ipo, usikubali muuzaji akwambie vingine.

Nichague springi ya kilo ngapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapotupa hela. Wanachagua kampuni, wanachagua rangi, halafu wanapokea springi yoyote iliyomo kwenye boksi.

Ugumu wa springi kutoka Japani na Taiwan unaandikwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya kilo 5 ukiibebesha kilo 5 inabonyea milimita 1. Ukiibebesha kilo 50 inabonyea milimita 10. Ukikuta imeandikwa kwa ratili kwa inchi, gawa kwa 56: springi ya 448 ni ya kilo 8. Ubavuni utakuta mwandiko kama 62-180-8, yaani upana wa ndani milimita 62, urefu ikiwa haijabebeshwa kitu milimita 180, ugumu kilo 8. Upana wa 60, 62, 65 na 70 unafanana sana kwa macho, na ukikosea springi haitakaa sawa kwenye sahani. Pima kwa kalipa kabla ya kuagiza.

Sasa hesabu. Tuseme kona ya mbele ya gari lako, ukitoa uzito wa tairi, rimu na breki, inabeba kilo 350. Springi nyingi za kiwandani ziko kati ya kilo 2 na 4. Ukiwa na ya kilo 3, bodi ya gari itacheza juu chini karibu mara 1.5 kwa sekunde, kasi ambayo mwili wa binadamu unaivumilia safari nzima. Weka kilo 5, inafika karibu 1.9. Weka kilo 7, unavuka 2.2, na hapo kila kiraka cha lami utakijua kwa jina. Gari la kutembelea mijini kwetu lenye uzito huo tunaliwekea springi za kilo 4 hadi 5 mbele. Kilo 8 na 10 tunawaachia wenye lami ya uwanja wa mashindano.

Hesabu hiyo ni ya mfumo wa MacPherson, ambako shokapu imesimama karibu kabisa na tairi. Mbele ya Altezza kuna mikono miwili, na shokapu inashika katikati ya mkono wa chini. Chukua mkono ambao tairi likipanda milimita 10 shokapu inabonyea 7 tu. Unazidisha 0.7 kwa 0.7, unapata 0.49. Springi ya kilo 10 hapo inafanya kazi kwenye tairi kama ya kilo 5. Ndiyo sababu namba ya springi ya Altezza haiwezi kuhamishiwa kwenye Impreza, hata kama mwenye nayo anaisifia kutwa nzima.

Kuhusu nyuma, usikubali springi laini mno. Tairi za nyuma zinapanda tuta baada ya zile za mbele. Nyuma ikicheza kwa kasi zaidi kidogo, inaiwahi mbele na bodi inatulia mapema. Ikiwa laini sana, gari litainamisha pua na kunyanyua mkia kama ngalawa kwenye mawimbi, na abiria wa nyuma ndiye atakayelalamika kwanza.

Nikikaza pete ya springi, gari linakuwa gumu?

Hapana, na tunaomba hili lieleweke vizuri maana ndilo linaloharibu koilova nyingi.

Rudi kwenye kona ile ya kilo 350, springi ya kilo 5. Gari likishuka kwenye jeki, springi itabonyea milimita 70. Sasa kaza pete milimita 10 shokapu ikiwa bado mezani. Springi tayari inasukuma kwa kilo 50. Ukilishusha gari, springi itahitaji kubonyea milimita 60 tu zaidi ili kulibeba. Jumla ni 70 ileile, kilo ni 350 zilezile. Kilichobadilika ni kwamba gari limekaa juu zaidi kwa milimita 10, na tairi lina milimita 60 za kushuka kwenye shimo badala ya 70.

Unapozidi kukaza, unaipunguzia rodi (chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu) nafasi ya kutoka nje. Tairi likiingia shimoni, shokapu inafika mwisho wake wa kurefuka kwa kishindo, na dereva anasema gari limekuwa gumu. Springi ina ugumu uleule. Shokapu ndiyo imeishiwa njia. Ukilegeza pete kupita kiasi unapata tatizo la upande wa pili: gari likinyanyuliwa springi inacheza huru, na inaweza kurudi ikiwa imekaa vibaya.

Kwa hiyo pete izungushwe mpaka springi isizunguke kwa mkono, iongezwe milimita 2 au 3, ifungwe. Urefu wa gari urekebishwe kwa mguu wa chini. Koilova isiyo na mguu wa kuzunguka inakulazimisha kutumia pete kwa kila kitu, na hapo kaa ndani ya vipimo vya mtengenezaji.

Nishushe gari kiasi gani?

Milimita 20 hadi 30 zinatosha. Ukishusha zaidi ya hapo, mkono wa chini unaanza kuinuka kuelekea tairi, na gari la MacPherson linazidi kulala kwenye kona hata likiwa na springi ngumu. Linki za tairodi nazo zinakaa pembe mbaya, kila tuta linageuza tairi kidogo bila wewe kugusa usukani.

Magari mengi yanafika bandarini yakiwa na koilova za mwenye gari wa kwanza. Hata Japani kwenyewe, ukaguzi unadai sehemu ya chini kabisa ya gari ibaki angalau sentimita 9 kutoka ardhini, na barabara zao mnazijua. Ukipokea gari lililolala namna hiyo, lipandishe kabla hujalitoa Dar kwenda Mbeya.

Wapo wanaosema wanataka muonekano wa rali. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, tuliyaona magari yale kwa karibu: yamesimama juu, na shokapu zake zina njia ndefu ya kupanda na kushuka. Kwenye vumbi na mawe tairi linahitaji nafasi. Gari la chini ni la lami.

Mimi nataka kuinua. Spesa au raba?

Spesa inayokaa juu ya mauntingi, kati yake na bodi, haiibadilishi springi wala haipunguzi njia ya shokapu. Inashusha tairi zima pamoja na shokapu yake. Gharama yake inaonekana kwenye shafti: pembe ya sivii jointi inaongezeka, buti zinachanika haraka, boljointi zinakaa karibu na mwisho wake. Milimita 25 hadi 30 kwa IST au Fielder ni kiasi ambacho gari linakivumilia.

Raba ya kuchomeka katikati ya mizunguko ya springi tunaikataa kabisa. Inaua mzunguko mmoja au miwili, mizunguko iliyobaki inabeba mzigo wote, na springi inakatika pale raba inapoishia. Tunazitoa zikiwa zimechimba hadi kwenye chuma, rangi imeisha, kutu imeanza.

Koilova nayo inaweza kuinua, ila kwa nyuzi zilizopo tu. Nyingi zimetengenezwa kwa kushusha, na ukizipandisha hadi mwisho ndiyo kwanza unafika urefu wa kiwandani.

Fundi amesema atakata springi, ni nafuu zaidi.

Usikubali. Springi iliyokatwa haikai kwenye kikombe chake, na gari likinyanyuka kwenye tuta inaweza kuchomoka. Ikikatwa kwa moto ni mbaya zaidi, joto linaondoa ukakamavu wa chuma pale pale.

Koilova za mtumba za Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi) zinafaa?

Zinafaa kama umezikagua mwenyewe, moja moja, bila haraka. Chomoa kava la vumbi uione rodi. Pitisha ukucha kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye kitundu au mchubuko, iache. Kila rodi inapoingia ndani, mchubuko ule unakwangua oil sili. Jasho jembamba la oili lenye vumbi juu ya rodi ni la kawaida. Bodi iliyolowa hadi chini siyo.

Isukume rodi kwa uzito wako. Inapaswa kushuka kwa kasi moja, bila sehemu inayodondoka tupu katikati. Zenye gesi ya presha kubwa zitarudi zenyewe. Ikibaki ndani imelala, gesi imeondoka. Zungusha pete zote kwa mkono au kwa spana ya ndoano. Muuzaji akisema "hizo utazilegeza nyumbani kwa moto", mrudishie. Kitasa cha ugumu, kile cha kukaza au kulegeza mwendo wa shokapu, kiwe kinatoa mlio wa klik kila hatua. Kinachozunguka kimya ni kibovu.

Hakikisha pia ni za gari lako hasa. Impreza za kabla ya 2007 zina shokapu za MacPherson mbele na nyuma. Zilizofuata zina mikono miwili nyuma. Jina la gari ni lilelile, shokapu haziingiliani.

Naweza kufunga mwenyewe?

Kama una stendi za jeki, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na msaidizi, ndiyo. Kuna jambo moja la kuogopa: nati ya katikati juu ya mauntingi ya zamani. Nati hiyo ndiyo inayozuia springi iliyobanwa. Toa shokapu nzima kwa nati ndogo za pembeni, na ile ya katikati usiiguse mpaka springi ibanwe kwa kibanio chake. Kamba na waya havifai hata kidogo. Springi inayofyatuka inavunja taya.

Anza kwa kupima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kona zote 4, gari likiwa sakafu sawa. Andika. Kisha piga mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote usiku wa kuamkia kazi.

Kwenye Subaru, bolti ya juu inayoshika shokapu ya mbele na nako siyo duara kamili. Kichwa chake kina mistari, na kwa kuizungusha unabadilisha kemba, yaani namna tairi linavyolalia ndani au nje kwa juu. Piga alama ya rangi kati ya kichwa na shokapu kabla ya kuilegeza. Fungua kwanza hosi ya breki na waya wa ABS kwenye mguu wa shokapu. Bolti zikitoka, nako itaanguka kwa nje. Ifunge kwa waya mnene, usiiache ining'inie kwa hosi.

Koilova mpya ikishaingia, kaza za juu, kaza za nako kwa toki ya kitabu cha gari lako. Bolti za bushi za mikono, kama ulizigusa, ziache legelege. Inua mkono kwa jeki hadi gari likae urefu wake wa kutembea, ndipo ukaze. Raba ya bushi imegandishwa kwenye bomba lake. Ukiikaza tairi likiwa linaning'inia, itabaki imejipinda gari likiwa chini, na itachanika ndani ya muda mfupi.

Shusha gari, zungusha usukani mwisho hadi mwisho huku msaidizi akiangalia hosi na fenda. Tembea taratibu mtaani, rudi, pima tena. Kushoto na kulia kukitofautiana kwa milimita 5 au pungufu, acha. Springi mpya zinakaa kidogo siku za mwanzo, hivyo rudia kupima na kukaza baada ya wiki. Halafu, siyo kabla, peleka wili alaimenti.

Alaimenti ni lazima? Sijaona tairi kulala.

Ni lazima. Urefu ukibadilika, pua za tairi zinageuka ndani au nje kwa kiasi ambacho jicho halioni, na tairi mpya zinaisha ukingo wa ndani wakati nje bado zina meno.

Kitasa cha ugumu nikiweke namba ngapi?

Hesabu kila mara kutoka kwenye ugumu wa mwisho, ukirudi nyuma. BC Racing za BR zina hatua 30, Tein Flex Z zina 16. Usilazimishe kitasa kikifika mwisho. Anza katikati, kushoto na kulia sawa.

Kisha tafuta tuta moja unalolifahamu. Bodi ikicheza zaidi ya mara moja baada ya kulivuka, ongeza hatua 2. Ukipita kwenye rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana, na tairi zinaruka badala ya kufuata barabara, punguza 2. Kwenye rasta nyingi mfululizo, gari linaloonekana kuzama kidogo kidogo limekazwa mno: shokapu haimalizi kurudi kabla ya rasta inayofuata. Wengi wanakaza wakitafuta utulivu, wanapata kinyume chake.

Tangu nifunge kuna mlio wa kok kok mbele.

Angalia kwanza nati ya juu ya rodi, inalegea baada ya siku chache. Kisha linki za stabilaiza. Gari likishushwa zinaweza kugusa shafti au bodi, na hapo unahitaji linki fupi. Mlio wa kuruka kama uzi wa gitaa unapogeuza usukani ukiwa umesimama unatokana na springi kujizungusha kwenye sahani.

Mauntingi za pilobolu ni chuma kwa chuma. Kwenye vumbi la kwetu zinaisha na kuanza kugonga hata koilova ikiwa nzima. Kwa gari la kila siku agiza mauntingi za raba.

Naishi Mombasa, Tanga, Unguja. Nyuzi zinashika kutu.

Chumvi ya bahari inagandisha pete za alumini kwenye bodi ya chuma. Osha nyuzi kwa maji yasiyo na chumvi na brashi laini kila unapoosha gari, kausha, kisha puliza silikoni. Grisi ya kawaida inakusanya mchanga, mchanga unatafuna nyuzi. Kila miezi michache zungusha pete mizunguko miwili, uzirudishe ulipoweka alama. Vifuniko vya kitambaa vinazuia mchanga lakini vinashika unyevu, hivyo vivue navyo uvioshe.

Oili ikivuja, inatengenezeka?

Inategemea aina. Öhlins, KW na Bilstein zinafunguliwa, zinabadilishwa sili na oili, kwenye karakana yenye mashine ya kujaza gesi. Tein Flex Z imefungwa moja kwa moja, haifunguliwi. Unanunua shokapu moja mpya badala ya iliyokufa na kuhamishia springi yako. Kabla ya kulipia seti yoyote, muulize muuzaji kama anaweza kukuletea kipande kimoja na kwa muda gani. Ikikatika ya kushoto na ya kulia imeshatembea sana, badilisha mbili kwa pamoja, kisha uanze upya kuhesabu klik.